Friji nayo ni mpangaji

Kwenye korido ya nyumba moja ya Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna kauntabuku lililofungwa kamba ya katani na kutundikwa msumarini, chini kidogo ya rimoti ya mita ya umeme ya Luku. Jalada limeshachanika. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, fedha, uniti. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuna safu ya tano ambayo juu yake hakukuandikwa kitu. Ndani yake nikasoma 1, 1, 2, 1, 1½, 1.

Nilikuwa nimemsindikiza mpwa wangu kutafuta chumba. Chumba tulikosa, dalali akachukua hela yake ya kutuonyesha, tukaondoka. Lakini ile moja na nusu haikunitoka akilini. Mtu anakuwaje mmoja na nusu? Jumamosi moja nikarudi peke yangu, nikapiga hodi.

“Hivyo ni vichwa,” mama mwenye nyumba akaniambia huku akinisogezea kigoda. Aliniomba nisimtaje jina, maana wapangaji wake wanasoma magazeti. “Umeme wa nyumba hii haugawiwi kwa vyumba. Unagawiwa kwa vichwa. Na si kila kichwa kina nywele.”

Friji ni kichwa kimoja. Hita ya kuchemshia maji ni nusu kichwa. Pasi haihesabiwi kwa sababu kila mtu anayo. Sabufa ilikuwa nusu kichwa kwa muhula mmoja, ikafutwa baada ya kikao kirefu: ilionekana kelele zake ni kubwa kuliko umeme inaokula, na kelele hazina uniti. Mgeni akilala usiku mmoja anasamehewa. Akilala wiki ni nusu kichwa, awe kaka, awe binamu, awe binamu wa namna ile nyingine.

“Mimi sifuatilii ni nani yake,” alisema. “Nafuatilia anachajia wapi simu.”

Nyumba yenyewe ni ya kawaida. Mumewe aliijenga kidogo kidogo, watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, mzee akatangulia. “Nikabaki na vyumba vinane na popo,” alisema. Kimoja analala yeye. Saba anapangisha kwa wanafunzi, shilingi 60,000 kwa mwezi, malipo ya miezi mitatu kwa mkupuo. Vyumba viwili vina wanafunzi wawili wawili, kwa hiyo jumla wako tisa. Wateja hawakosekani. Zile hosteli za chuo zilizofunguliwa mwaka 2017, ambazo wote tunaziita za Magufuli, zina nafasi 3,840. Hata ukiongeza za Mabibo na mabweni ya zamani, wengi wanabaki kupanga mtaani au kubebana kitanda kimoja na rafiki mwenye bahati.

“Kodi si kazi,” alisema. “Kodi unaipokea, unaandika risiti, imekwisha. Kazi ni umeme.”

Mwanzoni wanafunzi walinunua kwa zamu. Anayeijua nyumba ya kupanga anajua kilichofuata. Wa zamu alinunua wa elfu mbili jioni, ukaisha alfajiri, akasema zamu yake ameshamaliza. Rimoti ikianza kuwaka taa nyekundu kila mtu anaingia chumbani na kufunga mlango, kama aliyemwona mgeni wa deni kwa mbali. Kisha giza. Muhula mmoja, katikati ya UE, ile mitihani ya chuo ya mwisho wa muhula, nyumba ilikaa siku mbili bila umeme.

“Vijana wanne wana hela kwenye simu, wamekaa gizani wanasubiriana,” alisema, na hapo sauti ikampanda kana kwamba ni jana. “Na binti wa chumba cha tatu ana mtihani asubuhi, anasoma kwa tochi. Nikasema hapana. Kuanzia leo mnaniletea mimi, nanunua mimi, na kila senti inaandikwa pale ukutani kila mtu aone.”

Vichwa vilikuja baadaye, alipoingia mpangaji wa kwanza mwenye friji.

Nilimwomba anionyeshe mwezi mmoja. Akalishusha kauntabuku, akavaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari. Mwezi huo nyumba ilikula uniti 180, fedha zake shilingi 64,000 na chenji. Wanafunzi tisa ni vichwa tisa. Yeye mwenyewe ni cha kumi. Friji mbili, moja ya kijana wa chumba cha pili na moja yake, zinafanya kumi na viwili. Hita mbili ni kichwa kimoja. Jumla 13. Kila kichwa kikatoa 5,000, na kilichobaki kikanunua taa ya uani. Hesabu yenyewe ya darasa la nne, lakini ninazijua nyumba za watu wenye shahada ambazo imezishinda.

Kilichonishangaza kiko kwenye ile 64,000. Anayetumia wastani wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi yuko kundi la D1, na uniti inamfikia kwa shilingi 122 hivi pamoja na kodi na tozo. Anayezidi hapo yuko T1, ambako uniti moja ni shilingi 356. Unafuu huo uliwekwa kwa ajili ya wenye kipato kidogo. Sasa chukua hawa wenzetu tisa, wengi wao wakiishi kwa bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, shilingi 10,000 kwa siku. Ukigawa sawasawa, kila kichwa pale hakifiki hata uniti 15. Kila mmoja angekuwa na mita yake, angekuwa D1 bila ubishi. Lakini mita ni moja, na mita haijui kuhesabu watu. Inaona uniti 180, inamwona tajiri. Mtu anayeishi peke yake, akiwa na televisheni, friji na feni, na akajibana kidogo, anaweza kununua uniti kwa theluthi ya bei wanayonunulia wao.

Mama analijua hilo kuliko nilivyotegemea. “Wakikaa mbalimbali ni maskini, wakikaa pamoja ni matajiri,” alisema, akacheka bila furaha. “Nani alipanga hivyo sijui, ila hakupata kuishi nyumba ya kupanga.”

Na usidhani vichwa vyenyewe vina haki kamili. Chumba cha tano yuko kijana wa uhandisi ambaye siku moja alikuja na kalamu na karatasi. Hita ya wati 1,500, alisema, ikipasha moto ndoo ya lita kumi, bila kuifikisha kuchemka, inakula zaidi kidogo ya nusu uniti. Kwa bei ya T1 ndoo hiyo ni kama shilingi 200. Anayeoga maji ya moto kila siku anaoga kwa 6,000 kwa mwezi, na nusu kichwa ni 2,500. Nani analipa tofauti? Kikao kikaitishwa. Wenye hita wakasema Julai ina baridi. Wasio na hita wakasema baridi ni ya wote. Mpaka leo hita ni nusu kichwa, na yule kijana, kwa mujibu wa mama, “amesusa lakini analipa.”

Mwanafunzi wa sheria alikuwa na hoja nzito zaidi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia Luku, kwanza 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Akamwambia: mama, shikamoo, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo.

“Nikamtazama. Nikamwambia, baba, umesema kweli.” Kuanzia siku hiyo 1,500 inatoka mfukoni mwake, na imeandikwa kwenye kauntabuku kwa herufi kubwa, kila mwezi, ili mwanasheria aione.

Kuna swali nililosita kuuliza, mwishowe nikauliza. Friji yake ndiyo anayogandishia barafu na juisi za kuuza. Friji ya kijana wa chumba cha pili ni ndogo, ina chupa ya maji na nusu tikiti. Zote mbili zimeandikwa kichwa kimoja. Mama alifunika kauntabuku, akaniuliza kama nitakunywa juisi ya ukwaju. Nilikunywa. Ilikuwa baridi sana.

Sasa ana mpango. Anataka kuongeza mita moja kwa ajili ya vyumba vitatu vya nyuma, ambavyo vina wanafunzi wanne wasio na friji wala hita. Wakijibana watabaki chini ya uniti 75. Gharama ya kuunganishiwa mjini, ukiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Hadi mwishoni mwa mwaka 2021 ilikuwa 27,000. Hiyo ya sasa ni kodi ya chumba kimoja kwa zaidi ya miezi mitano.

Wa nyuma wanasema hawawezi kuchangia mita itakayobaki pale wao wakishahitimu. Wa mbele wanauliza kwa nini wenzao wanunue umeme kwa 122 na wao 356 chini ya bati moja. Wote kwa pamoja wanasema mwenye nyumba ndiye alipe.

“Nitalipa,” alisema. “Mita ni yangu, nyumba ni yangu. Lakini nikilipa kodi itapanda, na wanajua itapanda, ndiyo maana wananiita mama mara tatu kwa siku.”

Kikao kimepangwa baada ya UE. Mama alitaka kiongozwe na binti wa chumba cha tatu, yule wa tochi. Wapangaji wamepiga kura na kumchagua kijana wa friji.