Hapana, Sikuja na Mashine

"Umekuja na mashine?" Nimeulizwa hivyo Mutomo, nikaulizwa Kathonzweni, nikaulizwa hata na bawabu ambaye hakuwa anaumwa popote. Nasomea uzamivu, na utafiti wangu ni maumivu ya mgongo yaliyopitisha miezi mitatu: jeraha lilishapona, au halikuwapo kabisa, lakini mwenye mgongo bado halali. Kibali cha kamati ya maadili ninacho, leseni ya utafiti ya NACOSTI ninayo, posho ndiyo bado. Mkobani nina dodoso, kalamu mbili, nyuzi za nailoni za kupimia hisi za ngozi na kopo la ndengu. Mashine sina, na hata posho ikifika leo sitainunua.

Najua swali linakotoka. Sokoni, na siku nyingine nje ya kanisa ibada ikiisha, huketi kijana mwenye koti jeupe, laptopu na kisanduku chenye waya. Unashika kijiti cha chuma dakika moja, karatasi zinatoka: ini, figo, mifupa, "sumu mwilini", na mwisho mgongo, ambao haujawahi kukosa kasoro. Dawa ya kasoro hiyo, kwa bahati njema, imo begini mwake.

Nililipa, nikashika. Nikaambiwa figo ni nzima ila mgongo una shida. Nikazunguka soko, nikanywa chai, nikarudi kwa msaidizi wake ambaye hakuwa ameniona, nikamwambia nina miaka 71. Hakuniangalia usoni hata kidogo, aliandika tu. Mkono ulikuwa ule ule, jasho lile lile, lakini kati ya chai na kijiti figo zangu zilikuwa zimezeeka, na mifupa "imepungukiwa". Mashine ilikuwa imesoma umri nilioutaja.

Kijiti cha chuma kiganjani kikijitahidi sana kitajua kama umeme hafifu unapita kwa urahisi au kwa shida katika ngozi yako, na hilo hutegemea zaidi unyevu wa kiganja. Kutoka kwenye jasho la kiganja hadi pingili ya tano ya kiuno hakuna njia. Msiniambie ni toleo la zamani, lile jipya linapima vizuri. Halipimi. Nimechoka kulisema hili kwa upole.

"Basi ile kubwa ya Nairobi?" Hapa huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu MRI ni chombo cha kweli na watu huuza ng'ombe kwa ajili yake. Mama mmoja alinitolea bahasha kutoka kwenye kiondo, akainua picha dirishani na kunionyesha kwa ncha ya ufunguo mahali "mgongo ulipokwisha". Tangu alipoambiwa diski zimechakaa hakuinama tena; ndengu zake zilivunwa na wajukuu. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 wasioumwa mgongo hata kidogo. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wenye miaka 80, asilimia 96. Kuchakaa kwa diski kwa watu wengi ni kama mvi, ila ziko mahali ambapo huwezi kuzipaka rangi.

Hata ubongo wenyewe tumeupiga picha. Mwaka 2013 Tor Wager na wenzake walionyesha kwamba mtu mwenye afya akichomwa kwa joto mkononi, picha za ubongo zinaweza kutofautisha joto linalouma na lisilouma. Magazeti yakashangilia. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu likakataa picha hizo zitumike kuamua kama mtu anaumwa kweli au la. Basi kama maabara zenye mamilioni hazithubutu, kijana wa sokoni amepata wapi ujasiri?

Msidhani nasema maumivu ni ya kuwaziwa. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba uti wa mgongo ukipokea habari za jeraha huweza kubadilika wenyewe, ukawa unakuza hata mguso mdogo. Mbwa aliyewahi kuvamiwa na wezi hubweka hata kuku akipita. Kubweka ni kwa kweli, usingizi unaopotea ni wa kweli. Mwizi ndiye hayupo, na huwezi kumpiga picha.

Ndiyo maana ya ndengu. Namwekea mtu punje kumi sahanini: ukiacha zote huna maumivu, ukichukua zote ndiyo makali kabisa. Susu (bibi) mmoja karibu na mto Tiva alichukua saba, akazitazama, akarudisha moja. Jana, akasema, zilikuwa tatu. Jana kulikuwa na nini? Binti yake alikuwa amekuja kutoka Mombasa. Hakuna kijiti kitakachowahi kuniambia hilo.

Sasa ya kufanya, haraka, maana nafasi inaisha. Tembea kila siku, hata ukiumwa kiasi. Kulala siku nzima hukaza mgongo. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, basi beba wa lita 10 mara mbili. Uliza hospitali ya kaunti kuhusu fiziotherapi. Ibuprofeni ni ya siku chache, baada ya kula, na si ya mwenye vidonda vya tumbo wala figo mbovu. Sindano ya diklofenaki kila Jumamosi dukani, acha. Moto unaoshuka mguuni una dawa zake, daktari aandike. Ukishindwa kuzuia mkojo, ukifa ganzi katikati ya mapaja, mguu ukilegea, ukianguka vibaya, ukipata homa au ukikonda bila sababu, nenda hospitali leo: huenda ni neva zilizobanwa, mfupa uliovunjika, TB ya uti wa mgongo, brusela ya maziwa mabichi au saratani. Hapo picha ina kazi, kwa sababu inatafuta ugonjwa.

Jumatatu nitakuwa Ikutha. Kopo la ndengu nitakuwa nalo.