Sura ya 6: Kipimo Kimoja, Miili Miwili

Ini hutengeneza protini iitwayo CRP. Maambukizi yakiingia mwilini, seli za kinga humwaga kemikali ya IL-6, ini hupokea amri hiyo, na ndani ya saa chache CRP hupanda katika damu. Kupanda huko ni dalili ya mchochota, yaani kinga iliyoamka. Wagonjwa wengi wa sonona wana CRP iliyopanda kidogo bila homa wala kidonda. Takriban robo yao huvuka miligramu 3 kwa lita. Hapo ndipo lilipozaliwa tumaini la kuitafuta sonona kwenye damu.

Lakini damu ya nani? Mradi wa NESDA wa Uholanzi wa kuchunguza sonona, ulioanza mwaka 2004, uliandikisha watu 2,981. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha kuwa wanaume wenye sonona walikuwa na CRP ya miligramu 1.33 kwa lita kwa wastani, na wasio nayo 0.92. Sehemu ya pengo hilo ilitokana na uzito wa mwili. Kwa wanawake, pengo lenyewe halikuonekana.

Tusikimbilie kusema sonona ya wanawake haihusiani na mchochota. Huko Los Angeles, watafiti waliwadunga watu wenye afya kiasi kidogo cha sumu itokanayo na bakteria, ili kuiamsha kinga. Wanawake ndio waliojihisi zaidi kutengwa na wenzao, na kwao hisia hiyo ilipanda pamoja na kemikali za mchochota.

Kwa nini basi CRP ilinyamaza kwa wanawake wa Uholanzi? Sababu moja yenye uzito ni hii: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha CRP, na mafuta ya mwili huipandisha zaidi kwa wanawake. Mwanamke asiye na sonona anaweza kuwa na CRP ya juu, na alama ya ugonjwa ikamezwa humo.

Kwamba kila jinsia inahitaji kiwango chake, tunalijua tayari kwa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni: upungufu wa damu huanzia chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Viashiria vya sonona vinastahili uangalifu uleule. Wanawake huugua sonona karibu mara mbili ya wanaume. Kuwapima kwa wastani wa jinsia zote ni kuwakosea wale wanaokihitaji kipimo hicho zaidi.