Mayai Yanayoondoka na Uvimbe

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yapatayo milioni 1 hadi 2 katika ovari zake. Anapovunja ungo hubakiwa na takriban 300,000 au 400,000, na akiba hiyo haiongezeki tena. Mwenye endometriosisi ya ovari hupungukiwa haraka zaidi, na sehemu ya upungufu huo husababishwa na tiba yenyewe.

Katika ugonjwa huu, tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pengine. Ikiota kwenye ovari huvuja damu isiyo na pa kutokea, mpaka ukajengeka uvimbe wenye majimaji mazito ya kahawia. Uvimbe huo huidhuru ovari hata kabla haujaguswa.

Madaktari wengi huubandua kwa upasuaji wa matundu madogo, na wana sababu. Ukilinganisha na kuutoboa na kuuchoma, kuubandua hupunguza maumivu, huzuia zaidi usirudi, na huongeza uwezekano wa kushika mimba kwa njia ya kawaida. Tatizo ni kwamba ukuta wake hautoki kama ganda la chungwa. Umeshikamana na ovari, na ukivutwa huondoka na nyama yenye mayai. Damu ikichuruzika, daktari huizuia kwa kuchoma kwa umeme, na joto lile huua mayai yaliyosalia jirani. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa AMH, homoni inayopimwa katika damu kukadiria akiba ya mayai, hushuka kwa karibu asilimia 38 baada ya upasuaji huu. Wenye uvimbe pande zote mbili huathirika zaidi. Wachache hukoma hedhi kabisa.

AMH ikiwa chini, mwanamke bado anaweza kushika mimba mwenyewe. Lakini kwa atakayehitaji mimba ya maabara, kila yai lina uzito, na mwongozo wa ESHRE, jumuiya ya Ulaya ya tiba ya uzazi, wa mwaka 2022 haushauri kuondoa uvimbe huu kama desturi kabla ya tiba hiyo, kwa kuwa hakuongezi watoto wanaozaliwa.

Kinachoniuma ni mgonjwa kupelekwa chumba cha upasuaji bila kupimwa AMH, bila mayai yake kukadiriwa kwa ultrasaundi, na bila kuulizwa kama bado anataka mtoto. Upasuaji wa pili kwenye ovari ileile ni hatari zaidi, maana makovu yameongezeka na mayai yamepungua. Hapo mazungumzo ya kugandisha mayai, palipo na huduma hiyo, yatangulie tarehe ya upasuaji.