Mama Kayai na Lafudhi katika Vitimbi

Mary Khavere alipata umaarufu kwa kumwigiza Mama Kayai, mke wa Mzee Ojwang, katika Vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya taifa ya Kenya. Umahiri wake umo hasa katika lafudhi. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo. Naye Khavere alimkaripia kwa Kiswahili chenye lafudhi hiyo hiyo. Mwalimu wa sarufi aweza kukiona kibovu. Hata hivyo, matamshi yanayorudiwa kwa makusudi na kwa mpangilio mmoja, kipindi baada ya kipindi, si makosa bali ni usawiri wa mhusika. Tahajia sanifu haiyanasi. Yamehifadhiwa katika kanda, nazo huchakaa.