Kidonda kimoja, alama nyingi

Tarehe 27 Juni 2019, udongo ulianguka katika shimo la shaba na kobalti la KOV, pale Kolwezi, ukafunika wachimbaji wa mikono. Walio kufa walipita 35. Miaka zaidi ya 40 mbele yake, Mei 1978, vita iliua mamia ya watu katika muji huohuo. Kila mara tulihesabu wafu. Lakini vijana walio ona na kubaki hai, nani alihesabu vidonda vyao?

Wanganga wa akili wanapanga alama za kidonda hiki katika vikundi vine. Kwanza, jambo lile linarudi, muchana katika mawazo, usiku katika ndoto. Pili, kijana anaepuka njia, watu na maneno yanayo mukumbusha. Tatu, moyo unapoa: anajilaumu, na mambo aliyo yapenda hayamufurahishi tena. Ine, mwili unakesha: anashituka kwa kelele, anakosa usingizi, anakasirika upesi.

Vikundi hivi havikai namna moja sikuzote. Siku za kwanza karibu kila mutu anafazaika, na wanganga hawaiti hali hiyo ugonjwa mbele ya mwezi mumoja kupita. Wengi wanapona. Kwa wengine alama zinashikana kama munyororo: ndoto inaondoa usingizi, kukosa usingizi kunaleta hasira, hasira inafukuza rafiki, upweke unaongeza kujilaumu. Kwa wachache ugonjwa unatimia nyuma ya miezi sita tu, wakati watu wamekwisha kusahau.

Tuwaze kijana wa miaka 15, aliye poteza kaka yake shimoni. Nyuma ya miezi minane halii tena. Anachelewa masomoni, kwa kuwa anazunguka asipite karibu na shimo. Anasinzia darasani. Mulango ukipigwa kwa nguvu, anatukana. Mwalimu anaandika makosa matatu. Sisi tunaona kidonda kimoja. Akifukuzwa, ataenda wapi? Shimoni kulekule.

Basi, ndugu, mbele ya kuazibu tuulize: alama hizi zilianza lini, na nyuma ya jambo gani? Tusimulazimishe kusimulia. Tumupeleke kwa munganga, maana dawa ipo. Katika mashariki ya inchi yetu, wavulana 50 wa miaka 13 hadi 17 walio pita katika vita walifuatwa katika uchunguzi ulio tangazwa mwaka 2013. Wale walio fundishwa kwa makundi namna ya kutawala mawazo na woga wao walipata nafuu kubwa.

Azabu haiponyeshi kidonda.