Upepo Ndani ya Kombaini

Je, wajua kwamba kombaini inayovuna ngano kule Timau mara nyingi haishindwi na injini wala visu vyake, bali hushindwa na upepo? Dereva akiongeza mwendo, visu vinakata, ngoma inapura, injini inavuta bila taabu. Lakini nyuma, mahali asipopaona, punje njema zimeanza kumwagika pamoja na makapi.

Kazi hiyo ya nyuma, ya kutenganisha punje na makapi, twaijua vizuri hata hapa Kanyakine, ingawa ngano si zao letu. Imenti Kusini ni nchi ya kahawa, ndizi, mahindi, maharagwe na njahi, na vishamba vyetu vya mteremkoni havina hata nafasi ya kombaini kugeuka. Maharagwe yakikauka hupigwa kwa fimbo juu ya turubai, kisha hupepetwa kwa ungo. Anayepepeta hajazi ungo. Akiujaza, makapi ya chini hayapati hewa, na punje zilizo juu humwagika ukingoni. Kombaini nayo hukwama papo hapo, ila yenyewe hupokea tani kadhaa kwa saa.

Tuiangalie kwa ndani. Ngano ikishapurwa, punje, makapi na vipande vya mabua huangukia sinia la chuma linalotikiswa mbele na nyuma. Mtikiso huo hushusha punje chini na kuacha makapi juu. Mzigo ukifika mwisho wa sinia unaanguka, na hapo feni huupuliza kutoka chini. Punje ya ngano haiinuki mpaka upepo ufikie takriban mita 8 kwa sekunde, ilhali makapi hupeperuka chini ya mita 3. Nafasi iliyo kati ya kasi hizo mbili ndiyo inayosafisha ngano yote tunayokula. Yanayobaki hupita chekeche la juu, lenye safu za vijino vya bati vinavyofunguliwa na kufungwa, kisha chekeche la chini, ndipo punje zipandishwe kwenye tangi. Masuke ambayo hayakupurika hurudishwa kwenye ngoma. Chekeche la chini likibanwa mno, hata punje safi hurudishwa huko, zikavunjika na kuzidisha msongamano.

Akili hii ni ya kale. Wachina walikuwa na feni ya kupepetea ya kuzungusha kwa mkono tangu enzi ya Han, na mifano yake ya udongo imefukuliwa makaburini. Hiram Moore wa Michigan, Marekani, alipata hataza ya kombaini mwaka 1836. Tangu hapo injini na visu vimekua sana, lakini hewa ni ile ile.

Tena kwetu hewa yenyewe ni nyepesi. Hapa ndipo mkulima wa Timau na Kisima anapotofautiana na yule aliyeandikiwa kitabu cha mwongozo huko Ulaya. Kwa hesabu za kawaida, kwenye usawa wa bahari mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kwenye mwinuko wa mita 2,400, mabegani mwa Mlima Kenya, hubaki kama kilo 0.97. Ili hewa hiyo iinue makapi yale yale, lazima iende kasi zaidi kwa takriban asilimia 12. Feni iliyopangiwa mizunguko 900 kwa dakika itahitaji karibu 1,010. Asiyejua hili hulaumu chekeche, akalifungua zaidi, na tangi likajaa takataka.

Shida ya pili ni mteremko. Mashine ikiinama, punje zote huteleza upande wa chini. Upande wa juu wa chekeche hubaki mtupu, na upepo, ambao hupenda njia rahisi, hupitia hapo na kuutelekeza upande uliojaa. Kwa hiyo nusu ya chekeche haifanyi kazi, na nusu nyingine imelemewa. Kampuni ya Claas hulikabili jambo hili kwa chekeche la juu linalosogezwa pia kando kando. Wenzao wa New Holland wana mfumo unaojisawazisha wenyewe. Kwa mashine kuukuu, fundi mzuri huchomelea vigawanyo vya bati kwa urefu wa sinia ili punje zisihame. Mwenye uwezo zaidi hubadilisha chekeche la juu aweke lenye vijino virefu linalopitisha hewa nyingi, au huongeza ngazi ya pili ya kuangukia, ili sehemu ya punje ichujwe kabla ya kufika kwenye chekeche kuu.

Binafsi ningeanza na mipira ya kuziba hewa. Ikichakaa, upepo huvujia pembeni, na hakuna chekeche la bei yoyote litakaloufidia.

Mabadiliko yote haya hupimwa chini, kwenye mabua yaliyobaki. Chukua waya, tengeneza mraba wa mita moja, ulaze nyuma ya mashine uhesabu punje, ukiondoa zile zilizokuwa zimepukutika kabla ya kombaini kupita. Punje 1,000 za ngano zikiwa na gramu 40, basi punje 225 kwa kila mita ya mraba ya shamba ni gunia zima la kilo 90 kwa hekta. Ila makapi hayaenei shamba zima: kama kombaini inakata upana wa mita 6 na kuyaangusha kwenye ukanda wa mita moja na nusu, hesabu ya ndani ya ukanda igawanywe kwa 4. Na hesabu hiyo ifanywe tambarare, kisha mteremkoni, kabla fundi hajamaliziwa malipo yake.