Saa Mbili za Mtoto

Mwanamke mfanyakazi akisha kujifungua, watu wote humpa pongezi. Wenzake kazini humchangia khanga na sabuni, mkuu wake humpelekea salamu, na majirani hupishana mlangoni kuja kumtazama mtoto. Miezi mitatu haijatimia, mwanamke yule yule amerudi kazini, na pongezi zimekwisha. Twataka leo kusema juu ya siku hizo zinazofuata pongezi, kwani ndizo zipimazo kama kweli twamheshimu mzazi au twapenda sherehe tu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Aweza kuianza likizo hiyo wiki nne kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua. Basi natupige hesabu. Mama aliyeianza mapema hivyo, kwa kuwa miguu imevimba na daladala halina huruma, amekwisha kutumia siku 28. Mtoto amebakiwa na siku 56, yaani wiki nane. Nalo Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto asipewe chochote, hata maji, ila maziwa ya mama kwa miezi sita ya mwanzo. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 juu ya ulinzi wa uzazi wataja likizo isiyopungua wiki 14. Sisi tuna 12. Tofauti hiyo si kubwa ya kutushinda, nasi twaamini kwamba haifai kuachwa hivi ilivyo.

Lakini sheria haikumwacha mama mikono mitupu arudipo kazini. Imeagiza kwamba mwajiri amruhusu kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, hadi jumla ya saa mbili kwa siku. Hapa ndipo penye shida, na hapa ndipo tutakapokaa kidogo.

Saa mbili hizo ni za nani, ikiwa mama yuko kazini katikati ya Dar es Salaam na mtoto yuko Mbagala? Kwenda na kurudi tu kwaweza kuzimaliza zote, mtoto asipate hata dakika moja. Kwa hiyo mama wengi hawaziombi. Wengine hawakuambiwa kamwe kwamba zipo. Wengine waliziomba, wakajibiwa kwa uso uliokunjwa, nao wakanyamaza kwa kuogopa kuitwa wavivu. Haki inayoogopwa kuombwa ni karatasi tu.

Twaona zipo njia, wala hazihitaji fedha nyingi. Mama na aruhusiwe kuziunganisha saa zake: aingie saa moja baadaye asubuhi na atoke saa moja mapema jioni, au atoke saa mbili mapema kwa mara moja. Jambo hilo liandikwe katika mkataba wa hali bora baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, lisiachwe kwa hisani ya msimamizi ambaye leo anacheka na kesho amenuna. Pia patengwe chumba kidogo chenye mlango unaofungwa, kiti, maji ya kunawa na jokofu, ili mama akamue maziwa yake kwa heshima. Maziwa hayo yakiwekwa vizuri katika jokofu hukaa hadi siku nne. Lakini nje, katika joto letu la pwani, si ya kutegemewa kwa saa nyingi. Ofisi zinazopata nafasi ya kuegesha magari ya wakubwa haziwezi kutuambia kwamba zimekosa nafasi ya kiti kimoja.

Na yule anayebaki nyumbani na mtoto? Mara nyingi ni msichana wa kazi, naye huenda amemwacha mtoto wake mwenyewe kwa bibi yake kijijini. Twamwita dada, naye ni mfanyakazi kama sisi. Mwanachama anayedai haki yake kiwandani na kumnyima mshahara binti anayemlelea mwana, huyo hatumwelewi.

Kwa akina baba tuna neno pia. Sheria imewapa siku tatu za malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Jirani zetu wa Kenya wametoa wiki mbili katika sheria yao ya mwaka 2007. Twaunga mkono siku hizo ziongezwe, lakini kwanza twauliza hizi tatu zatumikaje. Baba azimalizaye barazani akipokea hongera, hali mama anafua nepi kwa mkono mmoja, hata akipewa mwezi hautamfaa mtoto.

Ikumbukwe vilevile kwamba mfanyakazi hupata likizo hizi akiisha kutumika miezi sita, na kwamba sheria imekataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba. Aliyeachishwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo hupita upesi kwa mtu mwenye kitoto mikononi, kwa hiyo kiongozi wa tawi asingoje kufuatwa. Na aende yeye.

Tena, katika mkutano ujao wa tawi, mwenyekiti aulize ni mama wangapi waliorudi kazini mwaka huu wakiwa wananyonyesha, na saa zao mbili ziko wapi.